Mchapishaji Mdogo na Msomaji wa Chara

Imezoeleka katika mijadala ya fasihi ya Afrika ya Mashariki kudaiwa kwamba lugha ndogo hazina vitabu. Dai hilo likipimwa kwa lugha zisemwazo kwenye delta ya Mto Tana halisimami. Kipokomo, Kiorma, Kidahalo, na Kiswahili cha Ozi na Kipini vimekwisha kuandikwa, kuchambuliwa na kupigwa chapa kwa muda wa zaidi ya karne moja, na baadhi ya kazi hizo ni za thamani kubwa. Lililostahili kusemwa ni kwamba karibu kazi hizo zote zimetolewa na wachapishaji ambao msomaji wa Chara hakuwamo katika hesabu zao. Alikuwamo kama mtoaji wa maneno, wala si kama mnunuzi wa kitabu.

Chara iko upande wa chini wa Garsen, mahali ambapo Mto Tana unatawanyika kuelekea Bahari ya Hindi. Wakaao huko ni Wapokomo, ambao hulima mpunga na migomba kwa kufuata maji ya mto; ni Waorma, ambao huteremsha ng'ombe deltani wakati wa kiangazi; na jirani yao ni Waswahili wa mwambao. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wapokomo wote wa Kenya walizidi kidogo laki moja. Lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili: zote mbili, pamoja na Kimijikenda, Kiilwana na Kingazija na ndugu zake wa Komoro, zimo katika kundi liitwalo Sabaki, kama walivyoeleza kwa kirefu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993. Ukaribu huo una faida zake, lakini pia ndio uliowapa wachapishaji kisingizio, kama itakavyoonekana hapa chini.

Wa kwanza kuchapisha walikuwa wamisionari. Misheni ya Neukirchen ya Ujerumani, iliyokuwa na kituo chake Ngao, ilimtoa Ferdinand Würtz, ambaye katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 alitoa msamiati, sarufi na nyimbo za Wapokomo katika majarida ya Berlin. Sehemu za Biblia zilifuata katika kipindi hichohicho, na Agano Jipya mwanzoni mwa karne ya 20. Katika hatua hii ya mwanzo kabisa kazi ilikwisha kugawanyika mara mbili. Kilichokusudiwa kusomwa na Wapokomo kilikuwa maandiko ya dini. Nyimbo zao wenyewe, pamoja na maelezo ya lugha yao, zilipelekwa kwa wasomaji wa Kijerumani. Mgawanyo huo haukuwa hila. Ulitokana na wajibu wa misheni na hamu ya wataalamu wa zama zile. Hata hivyo umedumu kwa muda mrefu kuliko waliouanzisha, na kuondoka kwa wakoloni hakukuuvunja.

Tazama, kwa mfano, orodha za wachapishaji mahsusi wa lugha za Afrika katika nusu ya pili ya karne ya 20. Uchunguzi wa Harry Stroomer juu ya lahaja tatu za kusini za Kioromo, Kiorma kikiwa mojawapo, ulitolewa na Helmut Buske wa Hamburg mwaka 1987. Buske huyohuyo alitoa muhtasari wa sarufi ya Kidahalo wa Mauro Tosco mwaka 1991. Kitabu cha Nurse juu ya Kiilwana na Kidaiso kilitolewa na Rüdiger Köppe wa Köln mwaka 2000. Nyumba hizi mbili za Kijerumani ni ndogo, zinajitegemea, na zimefanya yale ambayo hakuna kampuni kubwa ingeyafanya: kutoa sarufi ya lugha yenye wasemaji mia chache bila kutarajia faida ya maana. Mwanaisimu yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam anadaiwa shukrani nazo. Lakini mchapishaji mahsusi huchapisha kwa ajili ya wateja wake mahsusi, na wateja hao ni maktaba za vyuo vikuu. Bei, lugha ya maelezo na idadi ya nakala hufuata mahitaji yao.

Mfano ulio wazi kupita yote ni ule wa Liyongo. Mapokeo yamemweka shujaa huyu pande za Ozi na Kipini, kwenye mdomo wa Tana, na kaburi lake huonyeshwa huko. Shairi linalohusishwa naye lilionekana kwanza katika kitabu cha Edward Steere kilichotolewa London mwaka 1870. Utenzi wa Muhamadi Kijumwa juu yake, uliotungwa mwaka 1913, ulihaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa mwaka 1973 na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, Dar es Salaam. Toleo la kitaalamu la nyimbo zilizonasibishwa na Liyongo lilitoka Köln, kwa Köppe, mwaka 2004. Kundi lililolitayarisha lilikuwa na magwiji wa mwambao wenyewe: Ahmed Nabhany, Ahmad Nassir, Yahya Ali Omar, Abdilatif Abdalla na wengineo pamoja na Gudrun Miehe. Basi haiwezi kusemwa kwamba elimu haikuwapo nyumbani. Elimu ilikuwapo, na ndiyo iliyosafiri kwenda kutafuta mchapishaji. Toleo hilo ni bora. Kasoro yake ni moja tu, nayo haiwahusu wahariri: maelezo yake ni ya Kiingereza, na mwalimu wa shule ya Kipini hawezi kulitumia darasani bila mtu kumtafsiria yale yaliyotoka kwake.

Ama kuhusu wachapishaji wa Kenya, historia yao haikosi ujasiri. East African Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilitoa Wer pa Lawino kwa Kiacholi mwaka 1969. Heinemann ya Nairobi ilitoa Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980, na nakala 15,000 zikapigwa chapa katika mwaka ule wa kwanza. Mwaka 1983 nyumba hiyohiyo ikatoa Miaha ya Grace Ogot kwa Kijaluo. Hizi, hata hivyo, ni lugha zenye mamilioni ya wasemaji, au zenye mwandishi aliyekwisha kupata jina kwa Kiingereza. Hakuna kati ya nyumba hizo iliyojishughulisha na Tana kwa kiasi hicho. Pale walipoulizwa, wachapishaji wa Nairobi aghalabu walijibu kwamba Mpokomo anajua Kiswahili, kwa hiyo kitabu cha Kiswahili kinamtosha.

Jibu hili linahitaji kupimwa kwa uangalifu, hasa na wapenzi wa Kiswahili. Ni kweli kwamba msomaji wa Chara anasoma Kiswahili bila taabu. Lakini Kiswahili asomacho ni kile kilichokubaliwa na wakaguzi wa vitabu vya shule. Maneno ya kilimo cha mafuriko, majina ya aina za mpunga, istilahi za waho na sehemu zake, misemo ya kupokezana zamu za maji, havimo katika Kiswahili hicho. Na havimo kwa sababu hakuna mchapishaji aliyewahi kuvihitaji. Sabaki ni familia ya lugha, na lugha moja ya familia hiyo ikiachwa kuandikwa, kamusi ya dada yake hupoteza chanzo cha kuazima kilicho karibu kuliko Kiarabu na Kiingereza. Wanaotafuta istilahi za Kiswahili kwa kubuni wangepunguziwa kazi kama Kipokomo kingekuwa na rafu yake.

Inafaa ikumbukwe hapa kwamba wimbo wa taifa wa Kenya, ulioteuliwa mwaka 1963, umechukua lahani yake kutoka kwa wimbo wa kubembelezea mtoto wa Kipokomo, uliotolewa na Meza Morowa Galana. Maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza yaliyotungiwa lahani hiyo huimbwa katika kila shule ya nchi. Maneno ya Kipokomo ndiyo hayana daftari la mtoto.

Je, idadi ndogo ya watu ndiyo sababu? Visiwa vya Faroe, katika Atlantiki ya kaskazini, vina watu wapatao 55,000 tu, yaani karibu nusu ya Wapokomo. Hata hivyo chama cha walimu wa huko kimekuwa na idara yake ya kuchapisha vitabu vya watoto tangu mwaka 1956. Katika Wales, Robat Gruffudd alianzisha Y Lolfa mwaka 1967 katika kijiji cha Talybont, akichapa kwa mitambo yake mwenyewe; na Baraza la Vitabu la Wales, lililokuwapo tangu 1961, huwasaidia wachapishaji wa Kiwelisi kwa ruzuku. Mifano hii haifai kuhamishwa ilivyo. Nchi hizo ni tajiri, na mafuriko hayazikokoti shule zao. Lakini inathibitisha kwamba hesabu ya vichwa peke yake haiamui. Kinachoamua ni kuwapo kwa kundi la watu wanaokihitaji kitabu kila mwaka, yaani walimu, na kuwapo kwa mfuko unaoibeba hasara ya nakala za mwanzo.

Na wala hapana haja ya kwenda mbali. Gakaara wa Wanjau, baada ya kizuizi cha miaka ya Dharura, aliandika, akahariri, akapiga chapa na kuuza vitabu vyake vya Kikuyu katika mji mdogo wa Karatina. Mwaka 1984 alipata Tuzo ya Noma. Asenath Bole Odaga aliendesha Lake Publishers mjini Kisumu tangu miaka ya 1980, akitoa kazi kwa Kijaluo na Kiingereza. Wote wawili walikaa karibu na wasomaji wao. Udhaifu wa mtindo huo nao uko wazi: nyumba iliyojengwa juu ya mtu mmoja hutegemea uhai na nguvu zake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaiagiza Serikali, katika ibara ya 7, kuendeleza lugha za wenyeji, na katika ibara ya 11 inataja machapisho na maktaba kwa majina. Matendo yamekwenda upande wa pili. Mwaka 2013 vitabu vilitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Tangu 2018 Serikali imekuwa ikinunua vitabu vya shule moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji wachache na kuvigawa yenyewe. Hatua hiyo iliwafikishia vitabu watoto wengi ambao hawakuwa navyo, na hilo halipaswi kubezwa. Lakini ilimnyima muuza vitabu wa mji mdogo biashara iliyokuwa ikimweka mjini, na pasipo yeye mchapishaji mdogo hana mlango wa kupitishia bidhaa yake.

Kuna swali zito zaidi ambalo wapenzi wa lugha za mama hulikwepa. Katika Agosti na Septemba 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa deltani katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, na vijiji vikachomwa. Nyumba ya vitabu itakayofunguliwa Garsen na kuchapisha Kipokomo peke yake inaweza kusomwa kama bendera ya upande mmoja, hata kama mwenyewe hana nia hiyo. Kwa hiyo mchapishaji wa delta hana hiari: ni lazima awe wa Kipokomo na wa Kiorma tangu kitabu cha kwanza, Kiswahili kikiwa daraja kati ya kurasa mbili. Itamgharimu zaidi, na itamlazimu kuwa na wahariri wawili badala ya mmoja.

Tahajia nayo haijatulia. Lahaja za juu na za chini za Kipokomo zinatofautiana, na herufi walizozitumia Wajerumani si zile zilizopendelewa na watafsiri wa Biblia wa siku za karibuni. Hata jina la lugha huandikwa mara Kipokomo, mara Kipfokomo. Kusubiri kamati ya kusanifisha kabla ya kuchapa itakuwa kosa. Kiswahili chenyewe kilichapwa kwa tahajia nyingi kwa miongo kadhaa kabla ya Kamati ya 1930.

Kitabu cha kwanza kinachostahili ni nyimbo alizozikusanya Würtz. Haki za kunakili zimekwisha muda wake zamani, maandishi yapo katika maktaba za Ulaya, na wazee wanaoweza kusahihisha masikio ya Mjerumani bado wapo Ngao na Chara. Zitolewe bila Kijerumani, kwa maelezo ya Kiswahili, pamoja na nyimbo za malisho za Waorma katika jalada hilohilo. Kazi iliyobaki ni ya mhariri mwenye kuzijua lahaja za chini, na ya mtu wa kutafuta mahali pakavu pa kuziweka nakala wakati mto unapofurika.