Barua za Kuomba Kazi

Mara nyingi vijana wa Ujiji na Kigoma hutuletea barua zao za kuomba kazi, pamoja na karatasi ya maelezo binafsi, ambayo wengine huiita wasifu, wakitaka tuzitazame kabla hazijapelekwa. Tumesoma nyingi, nasi twataka kunena waziwazi tuliyoyaona, maana kosa lisilotajwa halitengenezeki.

Kosa la kwanza ni sifa tupu. Kijana huandika ya kuwa yeye ni mwaminifu, mwenye bidii, aiweza kazi yo yote. Maneno hayo si mabaya, lakini hata mwivi aweza kuyaandika. Asomaye hamjui mwandishi wala wazazi wake, na barua zilizo mezani pake zote zasema vivyo hivyo. La pili ni kulia shida. Mwingine hujaza nusu ya karatasi kwa umaskini wa nyumbani. Twamhurumia, lakini mwenye kazi atafuta mtu wa kumfaa. La tatu ni kunakili. Tulipata kusoma barua nzuri sana, ila katikati lilibaki jina la mtu mwingine!

Lakini liko kosa lililotusikitisha kupita hayo yote. Kijana mmoja aliomba kazi ya karani wa ghala. Katika karatasi yake, baada ya habari za shule, palikuwa na miaka 3 isiyo na neno. Tukamwuliza, "Miaka hiyo ulikuwa wapi?" Akainama, akajibu, "Mwalimu, nilikuwa ziwani tu, kwa wavuvi." Tukazidi kumwuliza, tukajua ya kuwa alishika daftari la chombo cha dagaa pale Katonga. Kila alfajiri alihesabu ndoo zilizoshushwa, akaandika deni la kila mchuuzi, akagawa fedha baina ya mwenye chombo na wavuvi. Je, hiyo si kazi ya karani? Naye aliificha kwa haya, akaandika badala yake ya kuwa apenda kutazama mpira. Mithali yasema kizuri chajiuza. Lakini kizuri kilichofunikwa kapuni mnunuzi hakioni.

Basi tulimshauri aandike hivi: "Tangu 2020 hata 2023 nilishika daftari la chombo cha dagaa, Katonga. Nilihesabu mapato, niliandika madeni, niligawa fedha." Maneno ni machache, lakini yana mwaka, mahali na kazi, na kila neno laweza kuulizwa kwa watu waliomwona.

Mfano wa jambo hili tunao hapa hapa. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuuzwa utumwani hata India, alifika Ujiji mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke. Akasafiri na Speke tena tangu 1860 hata 1863. Mwaka 1871 Stanley alimchukua kwa ajili ya kazi hiyo ya kwanza, akaja naye Ujiji kumtafuta Livingstone. Mwaka 1873 Cameron naye akamchukua, wakavuka bara hata pwani ya magharibi mwaka 1875. Stanley alimlaumu mara nyingi, lakini hakuna aliyeweza kuikana njia aliyoipita. Kila safari ilimwombea ile iliyofuata.

Tena vijana wajihadhari na uongo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka barua iliyotiwa sahihi, maelezo binafsi na wadhamini 3 wa kuaminika. Nayo huonya ya kuwa mwenye kughushi habari zake atachukuliwa hatua za sheria. Njia ya mwongo ni fupi. Wala jina la mdhamini lisiandikwe kabla hajaulizwa, maana mzee anayeshtushwa na simu hawezi kumshuhudia mtu vema. Afadhali asiwe ndugu, bali mtu aliyeiona kazi.

Kijana yule angali akingoja jibu, nasi hatuwezi kumwahidi neno. Lakini jioni ile ile alikwenda Katonga kwa mzee mwenye chombo, akamwomba awe mdhamini wake. Mzee alitaka asomewe karatasi. Alipokwisha kusikia habari za daftari, akasema, "Soma tena." Kijana akasoma tena, wala hakuinama.