Kiswahili katika Nukta Nundu: Uhakiki wa Majedwali ya Liblouis

Uhakiki wa Kiswahili aghalabu hushughulikia riwaya, tamthilia na kamusi. Ni nadra kuhakiki jedwali la kanuni za kompyuta, ilhali jedwali la aina hiyo ndilo linaloamua jinsi neno la Kiswahili litakavyofika vidoleni mwa msomaji asiyeona. Liblouis, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2002 na John J. Boyer, mtaalamu wa Marekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, hugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu. Hutumiwa ndani ya NVDA na programu nyingine zisomazo skrini. Miongoni mwa majedwali yake yamo ya Kiswahili, yenye alama sw-ke, yaani Kiswahili cha Kenya.

Majedwali hayo yanastahili sifa. Yanakichukulia Kiswahili kuwa lugha yenye kanuni zake yenyewe. Aidha, vifupisho vimepangwa kwa madaraja, kuanzia herufi tupu hadi ufupisho kamili, hata mwanafunzi aweze kupanda hatua kwa hatua.

Hata hivyo, yana dhana iliyojificha: kwamba msomaji wa Kiswahili amefunzwa nukta nundu kwa mapokeo ya Kiingereza. Kwa mapokeo hayo, herufi kubwa hutangulizwa nukta ya 6. Msomaji wa Nyakasanza, mjini Bunia, anaishi katika nchi ambayo Kifaransa ndicho kilichotawala elimu. Katika kanuni ya Kifaransa iliyosawazishwa na kutolewa mwaka 2006, herufi kubwa hutangulizwa nukta za 4 na 6, na nukta ya 6 peke yake hutangaza tarakimu. Tena, nukta za 1 na 6, ambazo kwa Kiingereza ni ufupisho wa ch, baada ya tangazo hilo huwa tarakimu 1. Hivyo neno «Chakula», likiandikwa kwa mapokeo ya Kiingereza, msomaji huyo atalipapasa kama «1akula». Programu haikukosea, imetii kanuni ambazo msomaji hakufunzwa.

Yawezekana kudai kwamba Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ifuate tu mfumo wa jirani ili Kiswahili kiwe na maandishi mamoja. Hoja hii ina uzito, kwani vitabu vya nukta nundu ni ghali, na mfumo mmoja ungerahisisha kubadilishana. Lakini umoja huo hauna budi kujadiliwa na wasomaji wenyewe. Usiletwe kimyakimya na jedwali ambalo lilikuwapo la kwanza. Mtoto anayekwama katika Kiswahili na kuteleza katika Kifaransa atahitimisha kwamba lugha yake ndiyo ngumu, ilhali ugumu umo katika nukta moja.

Dawa yake haiko mbali. Majedwali ya Liblouis ni maandishi wazi, kila kanuni katika mstari wake, na leseni inaruhusu kuyanakili na kuyarekebisha. Jedwali la Kiswahili cha Kongo lingeweza kuanza kwa kubadili mistari michache: alama ya herufi kubwa, tarakimu na vifupisho vinavyogongana nazo. Kazi ngumu ni kukubaliana mistari hiyo isemeje, na hiyo ni kazi ya wanaisimu na wasomaji wasioona wakikaa pamoja. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Heshima hiyo haijatimia iwapo haisomeki kwa kidole.