Dereva wa Masafa Marefu
Dereva wa kampuni kubwa ya malori Dar es Salaam hupokea mzigo bandarini, hukagua matairi, breki na nyaraka, kisha hushika njia ya Tunduma hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Kwenye mizani ya Vigwaza, uzito wa lori na mzigo haupaswi kuzidi tani 56. Mtihani mkubwa ni mlima Kitonga. Akirudi na shaba ya Kongo, huuteremka kwa gia nzito ili breki zisichemke. Ustadi huu unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Mipakani, foleni huweza kula siku kadhaa, naye hupika, hufua na kulala palepale kwenye lori. Hulipwa mshahara wa mwezi na posho ya safari. Anayeibana posho hubakiza ya nyumbani.