Nani alimtuma alegeze nati?

Mliokuwa bandani Jumamosi mliona wenyewe. Kipindi cha pili kimekolea, wingu jeusi limejaa upande wa magharibi, picha ikaanza kuganda, ikavunjika vipande, kioo kikabaki cheusi na maandishi ya kukosa mawimbi. Kabla tone la kwanza halijagonga bati, fundi alikuwa tayari juu ya ngazi na spana mkononi. Akalegeza nati za nyuma ya dishi, akalisukuma kwa kiganja. Mechi yetu iliishia pale. Mvua ilikuja, ikakatika, anga ikatakata, banda la mtaa wa pili likarudi hewani, na sisi tukawa tunajua magoli kwa kusikia kelele zao.

Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na nitakaa nao, kwa sababu kila masika unarudiwa na kila mara lawama anatupiwa mwenye king'amuzi.

Dishi lile ni la sentimita 90 na linatazama satelaiti ya nyuzi 7 mashariki. Kwa mtu aliye Dar es Salaam, satelaiti hiyo iko magharibi, imeelemea kaskazini kidogo, kwenye mwinuko wa nyuzi 52 hivi. Maana yake mawimbi hayatuangukii wima kutoka utosini. Yanakuja kwa mshazari, yakipita kwanza juu ya mitaa ya magharibi. Mvua ya ukanda wetu huanza kushuka kutoka kimo cha kilomita 5 hivi, na kwa mwinuko huo wingu lililo karibu kilomita 4 magharibi linatosha kukukatia picha huku ua wako ni mkavu kabisa. Fundi aliona vumbi chini, akasema "mvua haijafika, kwa hiyo dishi limehama". Alitazama miguu yake, wakati dishi lilikuwa linatazama kwingine.

Mawimbi ya Ku, gigahezi 10.7 hadi 12.75, yana urefu wa sentimita 2.5 hivi, na matone manene ya mvua ya radi huyafyonza na kuyatawanya. Hakuna spana inayotibu hilo. Unasubiri wingu lipite, na mara nyingi hupita kabla chai haijapoa.

Lakini kosa lilianza chini, kwenye rimoti. Alifungua ukurasa wa mawimbi na tuliuona wote: mstari wa nguvu uko juu, mstari wa ubora uko sifuri. Akausoma ule wa nguvu kwa sauti kana kwamba ndio wenye habari. Nguvu inapima kila kinachoshuka kwenye waya, pamoja na kelele ya LNB yenyewe, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Elekeza dishi ukutani na bado nguvu itasimama. Ubora ndio unaosema kama ndani ya kelele hiyo kuna chaneli. Kwa hiyo ukurasa ule ulikuwa umeshamwambia mambo matatu: waya haujakatika, konekta inashika, na LNB inapata volti zake 13 au 18 kutoka kwenye king'amuzi. Yalibaki maswali mawili tu, wingu au dishi kuhama.

Na hata hapo jibu lilikuwa wazi. Dishi lililogongwa na mpira au kusukumwa na upepo hupoteza picha kwa mkupuo. Picha yetu ilikufa taratibu, ubora ukishuka kadiri wingu lilivyosogea, na hakukuwa na upepo wa kutikisa hata kanga zilizokuwa kwenye kamba. Dishi lililokazwa halijisogezi lenyewe katikati ya mechi.

Tazama sasa kilichofuata. Dishi la sentimita 90 lina upana wa kuona wa nyuzi 2 hivi tu. Ukingo mmoja ukiutangulia mwingine kwa sentimita moja na nusu, limegeuka nyuzi 1, na karibu nusu ya nguvu ya satelaiti imekwenda. Yeye alilisukuma kwa kiganja, hakuweka alama yoyote kwenye nguzo, kisha akaanza kulizungusha huku na huku akisubiri mwenzake apige kelele kutoka ndani. Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Alikuwa anaitafuta satelaiti ambayo kwa wakati ule isingeonekana hata akiielekea sawasawa. Inawezekana kabisa alipita mahali pake halisi mara mbili au tatu, mwenzake akajibu "bado", naye akaendelea kupapasa. Mtu anayetafuta huku kipimo kimezibwa na mvua hana namna ya kujua amefika.

Akaongeza la pili. Aliikuta LNB imelala karibu ubavu, akadhani imelegea, akainyoosha. Kwa satelaiti iliyo mbali hivyo magharibi, LNB ya Dar es Salaam inapaswa kulala vile, maana mawimbi ya wima na ya ulalo yanatufikia yakiwa yamepinda pamoja na umbo la dunia. Aliyelifunga dishi lile mwanzoni alijua kazi yake, na kazi hiyo ikafutwa kwa nusu dakika.

Konekta aliyoifunga upya baadaye aliifunga vizuri, ikakazwa na kuzungushiwa utepe dhidi ya maji.

Waliozoea mafundi wa madishi ya futi nane, yale ya wavu ya C-band, wanajua ninachokililia. Wale walipanda juu na dira, timazi na televisheni ndogo, wakaiweka pembeni ya nguzo ili waone kwa macho yao wenyewe. Kabla ya kugusa nati walikwaruza mstari kwa msumari, mmoja kwenye nguzo na mmoja kwenye kola, ili wakishindwa warudi walipoanzia. Ni kweli mvua haikuwasumbua sana, kwa kuwa mawimbi ya C yana urefu wa sentimita 7 na zaidi. Lakini nidhamu ya mstari wa msumari haikutokana na mvua. Ilitokana na kuheshimu kazi ya aliyetangulia.

Nyuma yao walikuwepo waliosimamisha milingoti mirefu Dar es Salaam ili kuzinasa picha za Televisheni Zanzibar kutoka ng'ambo ya bahari. Wao walikuwa na chenga. Chenga zikizidi, antena imekengeuka au waya umeoza. Kivuli kikionekana pembeni ya mtangazaji, mawimbi yanagonga jengo kabla ya kukufikia. Ugonjwa ulijionyesha kwenye kioo. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, dalili hizo zilizimwa nazo. Dijitali inakupa picha safi mpaka ukingoni, halafu haikupi kitu. Ndiyo maana fundi wa leo anahitaji kusoma mstari wa ubora kuliko yule wa zamani alivyohitaji kusoma chenga, na ndiyo maana sikubali udhuru kwamba "siku hizi mambo ni ya kompyuta".

Kwa antena za kawaida ugomvi wangu ni ule ule wa siku zote: busta. Picha ikikatika, dawa ya kwanza inayouzwa ni busta, tena inachomekwa nyuma ya televisheni, mwisho wa waya. Pale inakuza mawimbi yaliyokwisha kudhoofika pamoja na kelele zote zilizoingia njiani, na ubora hausogei. Kama ni lazima iwepo, mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla waya mrefu haujala chake. Anayekaa jirani na mnara hata hiyo haitaki, kwa sababu mawimbi yakizidi king'amuzi hulewa. Inua antena ivuke paa la jirani, ielekeze mnarani, fungua kiungio uone kama shaba imegeuka kijani. Haya hayana faida dukani, kwa hiyo hayasemwi.

Yupo pia anayezungusha dishi kwa sababu ya malipo. Wateja wa DStv wanazijua namba: E48-32 ni mawimbi, E16 ni kifurushi. Nimeona dishi zima likifunguliwa kwa ajili ya E16. Na yupo anayepanda paani mwishoni mwa Machi au kwenye tarehe 20 za Septemba, karibu saa tisa alasiri, jua linapopita nyuma ya satelaiti hii ya nyuzi 7 na kuifunika kwa kelele zake kwa dakika chache. Kesho yake hutokea tena saa ile ile, na kwa siku kadhaa, kisha huisha. Ukiona kukatika kunakofuata saa, acha ngazi ilipo.

Sasa nasikia fundi wetu amemshauri mwenye banda anunue dishi la sentimita 120. Faida ipo: linaongeza desibeli 2.5 hivi, na mvua ya wastani utaivuka bila kukatika. Mvua ya radi kama ya Jumamosi bado italizima. Lakini dishi hilo lina upana wa kuona mdogo zaidi, nyuzi 1.5 hivi, na linabeba upepo mwingi kuliko la sasa. Nguzo ya banda imefungwa kwa waya kwenye papi za mbao, na ukiishika kwa mkono inacheza. Mwenye banda atumie fedha hiyo kwanza kwenye bomba nene lililosimikwa kwa zege na kunyooshwa kwa timazi, amwite mtu mwenye kipimo siku ya jua alirudishe hilo la 90 mahali pake, LNB ilale inavyopaswa kulala, kisha mstari wa msumari upigwe kwenye kola mbele yake.