Worcester na mtihani uliofutwa

Mpango wa WPI husifiwa hadi leo, na unastahili. Walimu wa Worcester Polytechnic Institute, kule Massachusetts, waliupitisha kwa kura mwaka 1970: orodha ya kozi za lazima ikafutwa, mwaka ukakatwa katika vipindi vya wiki 7, kila mhandisi akadaiwa mradi wa fani yake na mwingine wa teknolojia na jamii. Kazi safi. Tuje kwenye kosa.

Katikati ya miaka ya 1980 waliufuta Mtihani wa Umahiri. Ulikuwa hivi: mwanafunzi anakabidhiwa tatizo asilowahi kuliona, anapewa siku kadhaa, vitabu ruksa, maktaba ruksa. Anaandika suluhisho, kisha anakaa mbele ya jopo la walimu na kulitetea kwa mdomo. Asipofaulu hahitimu, hata kama kozi zake zote alizipita kwa sifa.

Wapo wanaodhani utamaduni wa kitivo ni maneno ya dira na dhamira yaliyobandikwa ukutani. Unakaa pale digrii inapoamuliwa. Kwa sababu ya jopo lile, mwanafunzi alichagua kozi akijiuliza atahitaji nini siku ile, si mwalimu gani anatoa maksi kirahisi. Mwalimu naye hakuweza kujifungia katika somo lake, maana angemsikiliza mtoto aliyefundishwa na wenzake na kuona wazi nani alifundisha na nani alisomesha slaidi za miaka nenda rudi. Na desa? Desa la swali ambalo halijatungwa utalitoa wapi?

Hoja za kuufuta tunazijua. Mzigo kwa walimu ulikuwa mkubwa, idara hazikupima kwa kipimo kimoja, na mtu alikwama mwaka wa mwisho kabisa. Ya kwanza ina uzito. Ya pili inatibiwa kwa kubadilishana watahini, ya tatu kwa kuuleta mtihani mapema ili anayeanguka apate muda wa kurudia. Badala yake wakaleta mgawanyo wa kozi: hisabati kiasi hiki, sayansi kiasi hiki, usanifu kiasi hiki. Wakaguzi wa ithibati hupenda vitu vinavyohesabika kwa sababu kuhesabu hakuchoshi akili.

Mtaniambia miradi ilibaki. Ilibaki, na kwa kawaida hufanywa kwa kundi. Aliyewahi kufanya mradi wa kundi anajua kuna anayebeba na anayebebwa, na wote wawili hupiga picha ya mahafali. Mtihani ule ndio uliokuwa mahali pekee pa kumkuta mtu akiwa peke yake na tatizo lake.

Wazee wa chuo hicho hicho wasingefanya hivyo. Karakana ya Washburn, chini ya Milton Higgins, ilitengeneza bidhaa za kuuzwa na wanafunzi wakajifunzia humo humo. Mnunuzi ndiye aliyesahihisha. Harry Storke, jenerali mstaafu aliyekuwa rais wa chuo, aliwaachia walimu wakipekue chuo chake chote. George Hazzard aliyemfuata mwaka 1969 akayasimamia waliyoyaamua, mtihani ukiwemo.

Angalieni na suala la alama. A, B na C, zilizokuwa zimeondolewa, zilirudi, lakini aliyefeli kozi akaendelea kuandikiwa NR, yaani kozi hiyo haionekani kabisa katika rekodi yake. Kanuni hiyo ilikuwa na akili wakati wa jopo: jaribu kozi ngumu, anguka, inuka, hakuna atakayekuhesabia, kwa kuwa mwisho wa yote utapimwa upya bila mtu kutazama rekodi yako. Vitu hivyo viwili vilibuniwa viende pamoja. Wakang'oa kigumu, wakabakiza kilaini. Kama tatizo lilikuwa mzigo, wangepunguza siku za mtihani na kurasa za ripoti. Jopo wasingeligusa.