Atapewa au Hatapewa? Uhakiki wa Kisoma Skrini katika Mazingira ya Kiswahili na Kifaransa

1.0 Utangulizi

Kisoma skrini ni programu ya kompyuta inayomsomea mtu asiyeona maandishi yaliyo mbele yake, na kumwezesha kuiamuru mashine kwa vidole pasipo kutumia macho. Mara nyingi programu ya aina hii hujadiliwa na mafundi peke yao. Makala haya yanaichukulia kuwa msomaji: ina matamshi yake, kasi yake na makosa yake, na kwa hiyo yafaa ihakikiwe kama anavyohakikiwa msomaji mwingine yeyote wa matini za Kiswahili.

Programu inayozingatiwa hapa ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye mwenyewe haoni, ambaye baadaye aliungwa mkono na James Teh. Tofauti na JAWS, ambayo huuzwa, NVDA hutolewa bure. Huja pamoja na eSpeak NG, kiunda sauti chepesi chenye lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Mazingira yanayozingatiwa ni ya msomaji wa Kalengera, kaskazini ya Goma, katika Kivu ya Kaskazini. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Hoja ya makala haya ni kwamba mgawanyo huo huingia hadi ndani ya kibodi na sauti, na kwamba waweza kuigeuza sentensi ikasema kinyume cha ilivyoandikwa.

2.0 Amri za Kibodi

Amri nyingi za NVDA hujengwa juu ya kitufe kimoja maalumu, Insert au Caps Lock, kinachoshikwa pamoja na kingine. Kitufe hicho na T hutaja kichwa cha dirisha. Kitufe hicho na namba 1 huwasha msaada, ambapo kila kitufe kinachobonyezwa hujieleza. Control peke yake huinyamazisha sauti. Katika kurasa za mtandao, H humpeleka msomaji kwenye kichwa cha habari kinachofuata, B kwenye kitufe cha ukurasa, G kwenye picha. Utaratibu huu ni mzuri, kwani humruhusu asiyeona kupitia matini kwa kurukaruka kama jicho lifanyavyo. Hata hivyo, herufi hizo zimechukuliwa katika maneno ya Kiingereza. Anayezijua kwa Kiingereza huzikumbuka kwa maana. Asiyekijua hana budi kuzikariri moja moja.

Tatizo la pili ni la kibodi yenyewe. Katika nchi zilizorithi Kifaransa, mpangilio uliozoeleka ni AZERTY, ambamo A na Q zimebadilishana nafasi zikilinganishwa na QWERTY ya Afrika Mashariki. Katika mpangilio wa NVDA wa kompyuta mpakato, kitufe maalumu pamoja na A huamuru matini yote isomwe. Pamoja na Q, huomba programu ifungwe. Mtu aliyefundishwa Nairobi au Dar es Salaam kutafuta A kwa kidole, akikaa mbele ya AZERTY, ataomba kusomewa na badala yake ataulizwa kama anataka kuondoka. Mwongozo unaoeleza amri kwa mahali pa kidole, bila kutaja mpangilio wa kibodi, humpoteza msomaji wa Goma tangu hatua ya kwanza.

3.0 Mipangilio ya Sauti

Kosa la kibodi hujulikana papo hapo. Kosa la sauti ni zito zaidi kwa kuwa laweza kupita bila kutambuliwa.

Hata sauti ya Kiswahili yenyewe haikosi mashaka. Tahajia ya Kiswahili hukaribiana sana na matamshi, jambo lililowafaa watafiti kama Mucemi Gakuru na wenzake, waliowasilisha mfumo wa kukisoma Kiswahili kwa sauti ya mashine mwaka 2005. Lakini tahajia haionyeshi kila kitu. Neno 'barabara' hubadili maana kwa mkazo, na 'mbuni' aliye ndege hana silabi sawa na 'mbuni' wa kahawa. Makosa ya namna hii huudhi sikio, lakini muktadha huyasahihisha: hakuna atakayedhani kwamba lori limepita juu ya usawasawa.

Hali ni nyingine pale matini ya Kiswahili inaposomwa kwa sauti ya Kifaransa. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa humwanzishia mtumiaji kisoma skrini chenye sauti ya lugha hiyo. NVDA yaweza kubadili lugha yenyewe, lakini katika ukurasa wa mtandao hutegemea alama ya lugha iliyowekwa na mwandishi. Alama hiyo isipokuwapo, Kiswahili husomwa kwa kanuni za Kifaransa: 'ch' huwa 'sh', 'e' ya mwisho humezwa, na 'h' haitamkwi kabisa.

Hapo ndipo ukanushi wa Kiswahili unapoingia hatarini. Katika 'hasomi', kiambishi 'ha-' kikipoteza 'h', irabu ya mwisho bado hubeba ukanushi. 'Hakusoma' ikiwa 'akusoma', na 'hawatasoma' ikiwa 'awatasoma', msikilizaji hushtuka kwa kuwa umbo analolisikia halikai sawa. Lakini katika nafsi ya tatu umoja, wakati ujao, 'h' peke yake ndiyo inayotenga kukataa na kukubali: 'hatakuja' na 'atakuja', 'hatalipa' na 'atalipa'. Tangazo likiandikwa, kwa mfano, 'Mwenye kadi ya zamani hatapewa chakula', sauti ya Kifaransa itatangaza kwamba mwenye kadi ya zamani atapewa chakula. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi na zote zina maana. Muktadha hausaidii, wala sikio halipati onyo, hasa katika Kongo Mashariki ambako wasemaji wengi huiacha 'h' katika mazungumzo ya kila siku, wakasema 'apana' na 'apa'. Msomaji mwenye macho angerudia mstari na kuiona herufi. Asiyeona ataondoka akiwa na yakini.

Yaweza kujibiwa kwamba kisoma skrini hutoa njia ya kusikiliza herufi moja moja kwa kishale, na kwamba hapo 'h' itatajwa kwa jina lake. Ni kweli, lakini mtu hukagua anachokitilia shaka, na sentensi hii haitoi shaka yoyote.

4.0 Hitimisho

Dawa zipo. Mtumiaji aweza kubonyeza kitufe maalumu pamoja na Control na V, akachagua sauti ya Kiswahili, na kuihifadhi katika wasifu wake wa pekee. Mwandishi wa ukurasa aweza kuweka alama ya 'sw' penye Kiswahili na 'fr' penye Kifaransa. Mkufunzi aweza kuandika mwongozo wa amri kwa Kiswahili, ukiitaja AZERTY kwa jina. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji fedha nyingi, lakini zote zahitaji mtu anayejua 'ha-' hufanya kazi gani katika kitenzi. Ujuzi huo uko katika idara za Kiswahili, nazo hazina sababu ya kuwaachia mafundi peke yao kazi hii.