Luteni Uhura na Swali la Cheo

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kutuona tukihakiki vitabu vya mahubiri na fafanuzi za Maandiko. Safari hii tunaomba tuvumiliwe, kwa maana hoja yetu ilizuka barazani huko Ruanda, wilayani Mbinga, kati ya vijana waliokuwa wakitazama katika simu filamu ya Star Trek ya mwaka 2009, huku malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yakipita na kuwafunika vumbi. Mmoja akauliza: yawezekanaje mwanafunzi aliyesimamishwa aingizwe chomboni kwa hila, na kabla hadithi haijaisha awe nahodha? Mwenzake akajibu kwamba hayo ni mambo ya kubuni tu. Jibu hilo hatulikubali. Hadithi yaweza kutuambia kwamba watu husafiri kati ya nyota, nasi tukaamini. Lakini ikituambia kwamba watu wazima wanamtii mtu fulani, haina budi kutupa sababu.

Na tuzitazame sababu zilizotolewa. Nahodha Pike anampandisha kijana Kirk kuwa msaidizi wake, na mtazamaji anajua kwamba Pike alimstahi baba wa kijana huyo, aliyeongoza chombo kwa dakika 12 tu, akafa akiokoa watu 800. Baadaye Kirk anamwondoa Spock, aliyekuwa akikaimu unahodha, kwa kumchokoza juu ya mama yake aliyefariki muda mfupi tu uliopita, hata Spock akashindwa kujizuia na kuachia madaraka. Nia ya Kirk inaeleweka, kwa kuwa anaona chombo kinaelekea pasipofaa. Lakini hao wanaomtii mara baada ya tendo hilo, nia yao ni nini? Filamu haisemi. Daudi naye alipakwa mafuta akiwa bado anachunga kondoo, ila Maandiko yanatuonyesha miaka ya mapangoni na nyikani kabla hajaanza kutawala akiwa na umri wa miaka 30. Miaka ile ndiyo iliyowapa watu sababu ya kumfuata.

Hata hivyo, anayetusumbua zaidi si Kirk, bali Uhura. Jina lake limetoka katika neno letu uhuru: mwigizaji Nichelle Nichols alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo, mwanzilishi wa mfululizo, Gene Roddenberry, akalipenda, na mwisho wake ukalainishwa. Filamu ya 2009 ikamwongezea jina Nyota. Katika mfululizo wa kwanza wa televisheni, vipindi 79 kati ya 1966 na 1969, yeye ni luteni wa mawasiliano, na luteni akabaki hata mwisho. Kukabidhiwa chombo kulimngoja hadi hadithi za katuni za 1973, tena ni kwa sababu wanaume wamelegezwa nguvu na wanawake wa sayari fulani.

Katika kipindi kiitwacho The Changeling, cha mwaka 1967, mashine inafuta yote aliyoyajua. Anafundishwa kusoma upya kama mtoto, na anapokwama ulimi wake unarudi kwenye Kiswahili. Sisi tulioinyonya lugha hii hatuwezi kuitazama sehemu hiyo bila kuguswa. Lakini daktari anasema kwamba baada ya wiki moja atakuwa kazini, na kweli baadaye tunamwona kitini pake, cheo kilekile, kana kwamba alipatwa na mafua. Ni nani aliyemfundisha Kiswahili hicho? Alimpoteza nani katika kumbukumbu zile? Hakuna amwulizaye. Kirk amepewa baba wa kumlilia, Spock amepewa mama. Uhura amepewa kiti na kifaa cha sikioni.

Mwanafunzi mmoja wa theolojia alitupinga kwa hoja nzito. Alisema kwamba Luther alifundisha kuwa kazi ya mtumishi wa nyumbani ni wito sawa na ya mtawa, hivyo luteni mwaminifu hahitaji kupandishwa. Twakubali fundisho, matumizi yake twayakataa. Luther aliyasema hayo ili kuwashusha waliojikweza, si kuwafunga wengine mahali walipo. Tena hoja hiyo tumewahi kuisikia kwingine, ikielekezwa kwa wanawake waliohitimu theolojia na kungoja kuwekewa mikono. Wao nao waliambiwa kwamba kutumika kwatosha, na waliowaambia walikuwa wameketi vitini.

Nichols mwenyewe aliona uhaba wa nafasi yake. Kama alivyosimulia, baada ya msimu wa kwanza aliazimia kuacha, ndipo akakutana na mchungaji Martin Luther King, aliyemwambia kwamba nyumbani kwake wanamtazama, na kumsihi asiondoke. Akabaki. Basi sababu ya Uhura kuendelea kukaa pale ilitoka nje ya hadithi, kwa mhubiri, kwa kuwa watungaji hawakuiandika. Hilo twaliona kuwa pungufu kubwa kuliko unahodha wa ghafula wa Kirk.

Vijana wakatuuliza: basi mngetaka cheo na nia viandikwe namna gani? Tukawaelekeza ziwani, Liuli, iliyoitwa Sphinxhaven zama za Wajerumani. Agosti 1914 nahodha Mwingereza Rhoades alifika hapo na meli Gwendolen, akiwa na amri ya kuiharibu meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, na habari za vita hazikuwa zimemfikia. Rhoades akapiga mzinga. Yasimuliwa kwamba Berndt akaja kwa mashua ndogo, amejaa ghadhabu, akimwuliza rafiki yake kama amelewa. Na yule rafiki, akiwa sasa ni ofisa, akamchukua mateka.